Barua ya Nane

Saba za kwanza zilianza na "Mimi":
mimi chipukizi, mimi mwenye kipaji,
mimi niliyependa kalamu tangu chekechea.
Mhariri Ombati hakujibu hata moja.
Huenda alizisoma akinywa chai,
ikapoa kabla sijamaliza kujisifu.

Leo, chumbani Huruma, stima imepotea,
simu imebaki na asilimia tisa.
Nimefuta "mimi".
Nimefuta "kwa unyenyekevu mkubwa", ingawa iliniuma.
Aliyebaki ni Mutheu wa Ngara,
anayeshona zipu za mabegi ya shule
na kuweka katika kopo la majarini
vitu anavyovikuta ndani ya bitana:
jino la mtoto, risiti ya karo,
barua ya mapenzi ambayo haikufika.
Januari wenyewe huja kuuliza,
wengine kwa aibu.

Maneno mia nane, nimeandika. Ijumaa ijayo.
Mutheu amekubali; nambari yake hii hapa.

Nikaisoma kwa sauti, gizani,
nisikie panapokwama.
Jirani akagonga ukuta:
"Ehe, halafu? Jino lilikuwa la nani?"

Asilimia mbili.
Sikumjibu.
Nikatuma.