Athari

Ghaniya ananionyesha kwenye simu yake:
kipande cha plastiki, ukubwa wa stempu,
mifereji miwili myembamba kama uzi wa kushonea kofia,
na katikati, doa.
"Hilo doa," anasema, "ni wewe, Bi Khole."

Mimi!
Mimi ambaye buibui linanibana mabegani
nimeenea kwenye stempu.

Walinimega titi la kushoto, kidogo, mwezi jana,
wakanipanda humo, wakanifungia
katika kabati lenye joto la mwili.
Pampu inanitiririshia dawa, tone, tone,
na mimi huyu mwenye miguu niko Al Khoudh
nachambua mchele, kiyoyozi kinanguruma.

Nilipoolewa Birkat al-Mauz
mume wangu alinipeleka kuona falaji,
maji yanayopita kwa zamu chini ya mitende.
Zamu moja, nusu saa, wao huiita athari.
Nilicheka hadi nikashika ukuta:
kwetu athari ni jambo linalokubakia mwilini.
Jirani yao mmoja alitoboa ukingo usiku,
akanywesha ndimu zake kwa saa ya watu.
Walijua kwa ndimu. Zilinona mno.

"Uvimbe ndivyo ulivyo," anasema Ghaniya.
"Hujichimbia vijito vyake,
hunywa damu isiyo zamu yake."
Kiswahili chake ni cha bibi yake, kina vumbi la kabatini,
lakini hapo hakukosea neno.

Dawa ya kwanza, doa halikugeuka hata kutazama.
Ya pili ililisinyaza, alhamdulillahi,
ila kando yake wameweka kipande kingine, cha ini,
nalo ini likasinyaa.
Hiyo dawa haitanigusa.
Mwingine ameinywa kwa niaba yangu,
na huyo mwingine ni mimi.

Ya tatu imefunguliwa tangu alfajiri.

Namuuliza: hilo doa linaogopa?
Ghaniya ananyamaza. Nasikia mashine nyuma yake.
"Hicho hatukukitia," anasema.

Basi kimebaki huku, chote,
fungu langu, wala simwibii mtu.
Jiwe. Chuya. Jiwe.
Nabandika maji.