Lepe

Mtaa wa juu wa Otaru, Juni, alfajiri.
Tanuri limekoroma usiku kucha; mimi sikupata hata lepe.
Fundi Isogai ananisukumia bomba la chuma:
"Chota."
Nikachota.
Kioo kibichi ni kizito kuliko asali,
kinavutika, kinaning'inia, hakitaki kuachana na wenzake.
Unapaswa kuzungusha bomba bila kusita,
bila kuwaza chakula, bila kuwaza kodi ya chumba.
Mimi niliwaza mto.
Jicho moja likafumba,
mkono ukasita kiasi cha kumeza mate,
na hewa, mwizi asiye na viatu,
ikaingia, ikajikunja, ikalala humo.

Fundi hakuona. Alikuwa akilowesha gazeti.
Ndicho kifaa chetu: gazeti la juzi lililorowa,
limekunjwa unene wa kiganja,
likae kati ya ngozi yake na kile kijua kidogo.
Mvuke ukapanda na bei ya kaa,
ukapanda na matangazo ya vifo.
Nilipuliza, akafinyanga; akaguna, nikapuliza tena.
Bakuli likavimba polepole,
shavu la mtoto mwenye siri.

Kesho yake, lilipokwisha kupoa,
alilielekeza dirishani, akakiona:
kiputo, punje ya mchele, ubavuni.
"Vunja," akasema, akaenda kunywa maji.
Nilikuwa tayari kuvunja. Kweli.
Ila pipa la vigae lilikuwa limefurika,
na mikono yangu ina akili zake.
Nikalifunga katika kitambaa cha chakula changu,
likanuka figili mpaka Ijumaa.

Ijumaa akaja Bi Mineko, mwalimu wa chai,
kuchukua mabakuli matano ya msimu wa joto;
maana udongo hutunza moto, na Julai moto hauna mwombaji,
bali kioo humpoza mgeni machoni kabla ya ulimi.
Akayapanga mkekani. Akayageuza moja moja.
Safi. Safi. Safi mno.
"Nyuso zake ziko wapi?" akauliza.
"Mgeni nimwelekezee upande upi?
Naye, kwa adabu, auepushe mdomo wake na upande upi?
Haya yote ni visogo."
Fundi akatazama sakafu.
Nikafungua kitambaa.

Alilizungusha mara moja tu,
kiputo kikasimama mbele yake.
"Hili," akasema, "linanitazama."

Alasiri nzima fundi Isogai alikisaka kiputo.
Alikitega, alikibembeleza, alikitukana.
Mara kumi na saba.
Vikaja vikubwa kama vipele, vikaja vilivyopinda,
kimoja kikapasuka kwa sauti ya busu.
Kile hakikuja.

Julai. Chumba cha mikeka minne na nusu.
Nje nyenje wanakereza ubao usiokatika.
Wageni wawili: fundi, na mimi kando yake, magoti yakilia.
Bi Mineko akalipasha bakuli kwa maji vuguvugu kwanza
(kioo hakipendi kushtuliwa),
akatia unga wa kijani, akapekecha kwa kipekecho cha mwanzi,
kifundo cha mkono kikiruka, bega likitulia,
hata povu likawa laini, halina jicho.
Nikageuza bakuli mara mbili, kama nilivyofundishwa.
Nikanywa.
Kijani kikateremka ukutani,
kikakiacha kiputo kimebaki peke yake, kikimeta.

Basi, kwa desturi, nikauliza jina la chombo.
"Sijakipa," akasema Bi Mineko. "Aliyekiokoa na akitaje."

Ningeweza kusema Umande.
Ningeweza kusema Mwezi wa Mchana; majina ya adabu hayaishi.
Lakini nilikuwa na chai ulimini,
na chai ile haikuniachia nafasi ya uongo.
"Lepe," nikasema.

Nyenje wakanyamaza, au masikio yangu ndiyo.
Fundi Isogai hakunigeukia.
Shingo yake iliiva, mabega yakaanza kutikisika,
akainamia bakuli lake safi, lisilo na uso, akakohoa mara tatu.
"Kesho," akauambia ukuta,
"utalala mapema."