Mwavuli Usiofunguka

Bwana Meya wa Bukavu, nakuandikia mimi Zihindula,
fundi mabati wa Kadutu, ngazi ya tatu ukishuka kutoka sokoni,
nyumba ile ambayo paa lake linavuja.
(Najua. Usiniulize.)
Ombi langu ni dogo, ingawa kitu chenyewe si kidogo:
tujenge mwavuli.

Mwavuli mmoja. Wa zege. Uliofungwa.
Nasema uliofungwa, na usifunguke milele,
maana ukifunguka utafunika hadi ng'ambo ya Ruzizi,
halafu tuandikiane barua za kivuli miaka mia.

Urefu, mita elfu nne.
Kahuzi umezoea kututazama kwa juu;
nao sasa uinue shingo.
Ncha tuichomeke chini, ndoana ya mpini ikae mbinguni,
mwezi ukipita uning'inie kidogo, upumzike,
kama koti la mgeni nyuma ya mlango.

Utasema: Zihindula, utasimama wapi?
Bukavu hata sufuria twaiegemeza jiwe,
na chungwa likikuponyoka Kadutu
unalifuata ziwani.
Nimelifikiria. Tuuweke Nyawera, katikati ya njia.
Magari yamezoea mashimo,
yatashindwaje na mnara?

Gharama nimezipiga juu ya kartoni ya sabuni:
simenti, mifuko milioni sita, vyuma kadiri vitakavyoonekana,
rangi nyeusi ya kujaza ghuba moja,
kamati, na kamati ya kuichunga kamati, na magari yao,
sambaza za wajenzi kila mchana,
na mengineyo.
Hapo kwenye mengineyo kartoni iliisha,
lakini ndiyo tarakimu kubwa.

Faida? Hilo aliliuliza mke wangu, Cibalonza,
akitwanga sombe, bila kuinua macho.
Utazuia mvua? Hapana.
Watu watapanda juu? Ngazi hauna.
Wataingia ndani? Mlango hauna, ndani ni zege tupu.
Basi ni wa nini?
Nikamwambia: wa kutazamwa.
Akasema: mimi unanitazama miaka kumi na tisa,
mbona bado natwanga?

Lakini fikiria, Bwana Meya.
Mgeni akiuliza kwa Mushagalusa ni wapi, ataambiwa:
uzunguke mwavuli kwa kushoto, siku mbili,
ubebe chakula.
Shuleni watoto wataulizwa: taja kazi ya mnara wetu.
Jibu, hakuna.
Darasa zima litafaulu, hata yule wa nyuma anayelala.
Na mvua yetu ya Novemba, inayoshuka kama mdai,
itautazama, itacheka,
itacheka mpaka imwagike zaidi.

Jana tulikaa, kamati, watu wanane,
katika parsela ya Mama Nabintu.
Nilikuwa na mchoro, mpana kuliko shuka la harusi,
karatasi za mifuko ya simenti nimezigandisha kwa uji wa muhogo,
mwavuli mzima, kila mbavu na kipimo chake.
Namalizia kueleza ndoana
wingu likashuka kutoka mlimani bila hodi.
Tukatazamana.
Kamati ya mwavuli,
na hakuna hata mmoja aliyekuja na mwavuli.

Tukaingia chini ya mchoro,
watu wanane na mbuzi wa Mama Nabintu,
kila mtu na pembe yake, mabega yamebanana,
Muganza, katibu, akicheka hadi kwikwi.
Robo saa hivi, Bwana Meya, nakuapia,
mnara ulifanya kazi.

Kisha uji ukalegea.
Mita elfu nne zikatiririka shingoni mwetu,
mbuzi akatoka na mistari kama punda milia,
na shati jeupe la Muganza lina mpini mgongoni hadi leo;
mkewe amelifua mara tatu,
ananitafuta.

Barua hii naiandika nyuma ya kipande kilichobaki.
Ukiona doa jeusi hapo chini, pembeni,
usidhani ni uchafu.
Ndiyo ncha.