Nusu Tangi

Lori la mzee Ndetaramo lilizima tena
kona ya pili kupanda Kibosho,
mchanga mgongoni, jiwe chini ya tairi.
Tukalikokota hadi Pasua, hadi gereji yangu,
na kila mpita njia akawa daktari:
pampu, alisema mmoja. Nozeli, akasema wa pili.
Wa tatu akasema ni mizimu ya kambini.

Chini ya rangi ya bluu bado kuna kijani,
na namba nyeupe isiyoitikiwa tena na yeyote.

Nikabadili filta. Nikalegeza nati ya juu,
Aikaruwa akapiga pampu ya mkono:
povu, povu, povu, kisha dizeli tupu,
nyembamba kama uzi wa cherehani.
Likawaka. Likanguruma dakika tisa. Likafa.

Usiku nilisikiliza mvua kwenye bati
nikiwaza hewa inapitia wapi.

Asubuhi nikamuuliza, "Mzee, huwa unajaza?"
Akatazama viatu vyake.
"Lita ishirini. Thelathini, mchanga ukitoka.
Tangu mnadani halijawahi kujaa."

Tukashusha tangi. Bomba la kunyonyea,
katikati kabisa, lilikuwa na tundu la kutu,
dogo, punje ya ulezi ingeliziba.
Dizeli ikiwa juu yake, lori halina ugonjwa.
Ikishuka, linakunywa upepo
na mafuta yamo tumboni.

Nimechomelea. Sikumwambia
kwamba tajiri angelimiliki miaka kumi
asijue kama ni bovu.