Herufi Sita

Gari lilifika Tukuyu likivutwa na lori la viazi,
jekundu, milango miwili,
boneti ndefu kama ulimi wa dalali.
Gwakisa alikuwa ameuza ng'ombe watatu na mtamba.

Mchora herufi akauliza: niandike nini?
Chui, akasema kinyozi.
Radi, akasema muuza vocha.
Gwakisa akataka MSHALE,
akalipia herufi sita, taslimu.

Mvua ya Rungwe haikungoja rangi ikauke.
Pale kwenye mgomba wa mwisho, kabla ya kona,
mshale ukazimika.

Mama yake akatoka na mabuti ya shambani,
akaweka kiganja juu ya boneti ingali ya moto.
"Sekela," akaita. "Inuka, mwanangu."

Tulicheka sote.
Gwakisa hakucheka: lilikuwa jina la mtamba,
yule aliyegeuka mara mbili mnadani.

Wala halikuwaka. Tulilisukuma,
tukalilaza zizini, palipokuwa pameachwa wazi.

Siku hizi ubavuni zimebaki M na S,
na hakuna anayeuliza nyingine zilikwenda wapi.
Alfajiri mama hupita na ndoo tupu, huita kwa mazoea,
na Sekela huguna kwanza,
ndipo huwaka.