Kimekubali

Kampuni ya viatu, ghorofa ya sita, Westlands,
imeniletea kurasa mbili za Kiingereza,
niwe nimezitafsiri kufikia Ijumaa.
Viatu vyao, wanadai, unavitoa kwenye boksi leo
na mguu unadhani umevivaa mwaka mzima.
Na Waingereza kwa hilo moja wana maneno tele:
lile la kiatu kilichovunjwa ukaidi,
la koti ambalo mtu ameishi ndani yake,
la blanketi lililopendwa hadi likanyonyoka,
la ngozi iliyoiva polepole kama jibini.
Hilo la mwisho lilinishinda. Kwetu Kaloleni
jibini haikufika.

Nikaandika chakavu. Nikafuta.
Chakavu huenda Dandora kwa lori.
Kuukuu? Kuukuu unalisogeza kwa mguu, hulivai.
Zoefu ni mtu, dereva mwenye barua ya kazi.
Nikajaribu "kilicholainishwa na mazoea",
likawa refu kuliko kamba ya kiatu chenyewe.

Saa saba nikatoka, soli ya kushoto ikipiga makofi,
hadi kwa Makokha, ubavuni mwa soko la Kariokor:
mabati, gundi, redio inayokohoa.
Nikamuuliza, kiatu kikishakaa na mguu, vikaelewana,
wewe unakiitaje?
Hakuinua macho. Misumari mitatu ilikuwa mdomoni.
Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya goti.
"Kipya kinabishana," akasema. "Hiki kimekubali."
Kisha: "Hamsini. Na usikivae leo, gundi bado."

Nikarudi nyumbani na ndala zake za kuazimisha wateja,
zina bonde la kidole gumba cha mtu nisiyemjua.
Kidole changu hakikutosha humo. Kilielea.

Jioni nikisonga ugali nikautazama mwiko wa mama.
Miaka thelathini na mmoja, sufuria ileile,
ncha yake imelika upande, imelala kama bega
la mtu aliyebeba ndoo moja tu maisha yake yote.
Mama alisonga kwa kulia.
Mimi ni wa kushoto.
Tangu tutoke Keroka kumzika, kila usiku
ni madonge, unga mbichi umejificha katikati,
na Nyaboke mwanangu anayatoa pembeni ya sahani
kimya, kama mtu anayehesabu deni.
Nilidhani ni mimi, au moto, au unga wa siku hizi.
Kumbe mwiko ulikubali zamani,
ukakubali mkono ambao haupo.

Duka liko hapo chini. Mwiko mpya shilingi mia,
umenyooka kote, haumjui mtu.
Sijanunua.
Nimehamisha mkono. Wa kulia, mvivu,
ule unaoandika herufi za chekechea.
Kiganja kinauma, bega linauliza maswali.
Neno la kampuni nitalituma kesho.
Madonge ya leo, Nyaboke ametoa mawili tu.