Bakuli la Mbao

Barabara naijua.
Jumamosi za miaka kumi na moja, alfajiri, tochi mdomoni,
nimetoka Igogo kabla majirani hawajawasha jiko,
Igoma, Kisesa, Nyanguge, Magu, hadi daraja la Simiyu,
nikarudi na chumvi shingoni, ndizi moja tumboni,
moja kwa moja zamu ya mchana, kuchuna sangara.
Najua mbwa yupi wa Nyanguge hufukuza kweli
na yupi hubweka tu ili aonekane yuko kazini.
Mlima naulipa. Mteremko hunirudishia chenji.

Hayo yote nilimweleza Bi Nkwimba Lugata
siku niliyofika kiwanjani kwake, nyuma ya jineri iliyokufa.
Palipokuwa na mizani ya pamba
mafundi wa mitumbwi wamepinda mbao zikawa bakuli,
mita mia na sitini ukizunguka,
na nyufa wameziziba kwa pamba, kama wanavyoziba mtumbwi.
Alinisikiliza huku akikaza nati.
Kisha: "Hapa hakuna Magu."

Akanipa baiskeli isiyo na breki,
isiyo na gia, isiyo na friwili.
Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka;
pedali zikizunguka, wewe ni nani hata usizunguke?

Kona ya kwanza iliinuka mbele yangu
kama ukuta wa jirani mwenye kesi.
Nikafanya kile ambacho mtu mzima mwenye watoto hufanya:
nikapunguza.
Tairi likaachia. Mbao zikanila paja
kutoka nyonga hadi goti, taratibu, kama zinaonja.

Alikuja na spiriti.
"Barabarani mwendo ni hatari," alisema, akimimina bila huruma.
"Hapa mwendo ndio mkono uliokushika.
Ukiuachia, unakuachia."

Wiki ya pili nilisahau.
Nimevuka mstari, nimechoka, nikataka kupumzika
kama mja yeyote wa Mungu. Nikakaza miguu isimame.
Pedali ikanirusha juu ya usukani
kama punda aliyekumbuka deni.

Wiki ya tano akanifundisha kusimama.
Naam, kusimama. Kwa sababu wa mbele hukata upepo
na wa nyuma huula bure,
basi hakuna anayetaka kuwa wa mbele,
na wawili hupunguza, hupunguza,
mpaka wanasimama kabisa, juu ya kona, miguu pedalini,
wakitazamana kama wanunuzi wawili wa ng'ombe mmoja.
Nilianguka mara ishirini na sita; kijana wake alihesabu.
Usiku nikalitazama jiwe nyuma ya nyumba yetu,
lilivyokaa juu ya mwenzake tangu babu hajazaliwa,
halina breki, halina pa kwenda.
Kesho yake nikasimama sekunde tisa.

Kisha mbio. Mimi, miaka arobaini na mitatu,
na Malimi, fundi simu wa Usagara, kumi na tisa.
Jioni hiyo wadudu wa ziwani walipanda kama moshi;
nikawameza, nikawapumua, nikawafuta machoni kwa bega.
Mizunguko miwili imebaki, barabara ikaniita kwa jina.
Nikaondoka.
Nikaondoka kama naiona Magu!
Na nyuma yangu, karibu na kisigino, nikalisikia tairi lake
likivuma, polepole,
mtu anakunywa soda yangu kwa mrija.

Alinipita mstarini kwa upana wa tairi.
Bi Nkwimba hakuangalia hata saa.
"Umeongoza sana," alisema. "Nani alikutuma?"

Nikarudi nyumbani kwa baiskeli yangu ya zamani,
yenye breki mbili na kengele na friwili iliyotiwa mafuta.
Mteremko wa kushukia Mabatini,
mahali ninapokaa kitako kila mara, nikapiga mluzi,
nikaiambia miguu: basi, pumzikeni.

Haikunisikia.
Cheni imelegea, haina inachovuta,
hakuna mlima, hakuna mtu nyuma,
na miguu inazunguka tu, inazunguka,
mpaka mama muuza dagaa pale chini akauliza kwa sauti,
huyu naye anakimbilia wapi.